Mtamba Aliyeingia Ndani ya Kompyuta

Katika ukoo wa Jérôme ng'ombe hauzwi kimya kimya. Mwenye shida huenda Marabo kwa baba mkubwa Tharcisse, anaieleza shida yake akiwa amesimama, na kama shida ni nzuri anapewa ng'ombe. Baadaye, mtu akishaanza kusahau, mzee hushuka mjini Bunia kuona ng'ombe amekuwa nini. Ng'ombe wa Scholastique, dada yake Jérôme, alikuwa mabati, na mzee aliyagonga kwa fimbo moja baada ya jingine. Ng'ombe wa binamu yao Osée alikuwa pikipiki. Pikipiki hiyo ilichukuliwa na watu wenye bunduki kwenye barabara ya Iga Barrière kabla mzee hajaiona, kwa hiyo Osée alimpeleka mzee mpaka kule barabarani akamwonyesha mahali. Mzee alipatazama vizuri, akasema ameona. Utaratibu ni utaratibu.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita ambayo tuliiita amani kwa sababu neno lenyewe ni fupi na halidai maelezo. Watu walijenga nyumba, lakini masanduku hawakuyafungua yote. Jérôme, kwa upande wake, alikuwa na miaka thelathini na kitu, mchumba aitwaye Divine, kibanda cha kupiga chapa na fotokopi katika mtaa wa Rwambuzi, na kompyuta iliyoizidi amani umri. Aliipata kutoka kwa shirika moja lililokuja Ituri kwa sababu ya vita na kufunga milango amani ilipotangazwa, jambo ambalo wafanyakazi wake walilisikitikia sana.

Mchana kompyuta hiyo iliandika barua za kuomba kazi. Jioni, wateja wakishaondoka, iligeuka shamba. Ulikuwa mchezo wa ukulima katika nchi fulani ya baridi, ambako mtu analima, anavuna, anafuga, na hakuna anayemuuliza karatasi njiani. Jérôme alikuwa amekimbia uchungaji wa Marabo akiwa kijana, akiapa kwamba hatatazama tena mkia wa ng'ombe, na sasa kila jioni alichunga ng'ombe kwa hiari yake. Yeye hakuona ajabu yoyote, nasi majirani hatukumwambia.

Taabu ilikuwa kwamba mashine ilikubali ng'ombe watatu tu. Ukimleta wa nne, wote walisimama kama wanasikiliza habari za redio, majani yakageuka mkeka wa kijani, na sanduku la kompyuta likaanza kunguruma. Jérôme aliamua kuitibu. Fedha hakuwa nazo, ila alikuwa na ukoo, na ukoo ulikuwa na ng'ombe.

Mtu mwenye akili angesubiri, maana wakati huohuo alikuwa anahitaji ng'ombe wengine, wa mahari. Nao pia walikuwa mkononi mwa mzee Tharcisse. Jérôme alisimama mbele yake akasema mashine ya kazi imechoka, anataka kuiongezea nguvu. Mzee alimtazama muda mrefu.

"Mutamba mumoja nitakupatia," alisema. "Ila sikiliza, mutoto. Nione kwanza vile utachunga huyu mumoja. Nikiona, ngombe za mahari zitatoka. Nisipoona, Divine atakungojea mupaka meno yake yatoke."

Hivyo mtamba aliuzwa, na Jérôme akaibeba kompyuta yake mpaka kwa Kamate, mtu wa Butembo aliyeuza vipande vya mashine karibu na soko kuu, kati ya muuza kandambili na mama wa samaki wakavu. Kamate alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi la serikali tatu, kiota cha nyigu na yai la mjusi.

"Chef," alisema Kamate, "hii kintu ilikuwa inapumua kweli?"

"Asubuhi ilipumua."

"Unataka mupya, ao unataka hii ipone?"

"Mutamba iko moja tu, Kamate. Mupya inaomba zizi muzima."

"Basi nyumba hatubadilishe. Tunabadilisha batu ndani."

Kipande cha kumbukumbu kilipatikana upesi, kimetolewa katika mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Vita ilikuwa juu ya kadi ya picha, kile kipande kinachochora majani na mikia. Jérôme alikuwa ameona kwenye picha kadi kubwa yenye feni tatu, nene kama Biblia ya mchungaji, na aliitaka hiyo.

"Ile inakula sana," Kamate alimwambia. "Hii mashini yako ilizaliwa ya bureau, moto yake ya umeme ni kidogo, ya kuandika rapport na kulala. Ukiitia ile kadi, inazimika palepale, na weye utasema Kamate ni mwizi. Ile ni kama ngombe ya bazungu. Maziwa mingi, lakini ukiileta huku majani yetu inaiua. Kamata hii ndogo. Pembe iko fupi, lakini inaishi."

Lugha hiyo mtu wa Marabo aliielewa. Alikubali kadi ndogo. Kamate aliuliza kama apake rangi sanduku, lenye mkwaruzo tangu siku shirika lilipohama, na lenye kitufe kilichoshikiliwa kwa plasta ya dawa. Jérôme alicheka. Sanduku linacheza mchezo? Kilichobaki cha mtamba kiende chote ndani! Kiliingia chote ndani.

Jioni ile tulisikia kelele Rwambuzi tukadhani ni mambo mengine. Ilikuwa ni Jérôme. Majani yalikuwa yanayumba, moja moja. Aliongeza ng'ombe wa nne, wa kumi, wa ishirini, na mikia yote ilipiga nzi ambao mchezo ulikuwa bado haujawaumba. Alikaa pale akiwatazama, mtu mzima, na macho yake yalikuwa na maji kidogo. Alisema ni vumbi.

Siku chache baadaye habari ilifika kwamba mzee anashuka Jumamosi.

Divine alikuwa akiuza vitenge katika duka la baba yake, na alikuwa na macho ya biashara. Alikuja kibandani, akaitazama kompyuta mbele, nyuma, na ubavuni.

"Jérôme. Muzee ataona nini?"

"Ataona ordinateur, mashini yangu."

"Ile ile ya zamani? Na plasta yake?"

"Kazi iko ndani, Divine."

"Ndani! Kwa duka yetu kintu haionekane, haiuzwe. Weye umekamata ngombe muzima umeificha mu sanduku, halafu unangojea muzee wa Marabo aione kwa imani?"

Jérôme alibonyeza plasta irudi mahali pake. Ndipo alipotambua kwamba katika historia yote ya ukoo wake, tangu mabati mpaka pikipiki, yeye alikuwa wa kwanza kumgeuza ng'ombe kuwa kitu kisichoonekana. Alimkimbilia Kamate, naye akamshauri kununua feni yenye taa za rangi. Lakini mtamba alikuwa ameisha mpaka kwato. Mwishowe alichukua vipande vya zamani vilivyotolewa, akavipanga juu ya sahani ndogo ya chai, kama mganga wa meno anayetoa ushahidi.

Jumamosi mzee Tharcisse alifika kwa pikipiki ya kukodi, amevaa koti, fimbo imelazwa mapajani. Divine alimletea maji. Aliyakataa kwa heshima. Kwao mtu hanywi kabla ya kuona.

"Nionyeshe," alisema.

Jérôme alimsogezea sahani.

"Hii njo ngombe yangu?"

"Hapana, baba mukubwa. Hii njo ile imetoka."

"Sijakuja kuona ile imetoka. Ile imeingia iko wapi?"

"Ndani."

"Fungula."

Jérôme alifungua. Mzee aliinama, akatazama muda mrefu, akanusa. Alinyoosha kidole kwenye kile kipande kidogo chenye feni moja.

"Kintu hii?"

"Njo hiyo, baba mukubwa."

"Ule mutamba alikuwa anakukanyaga muguu, unakaa wiki hautembee. Hii naweza kuitia mu mufuko ya shati." Alijiinua taratibu. "Osée alinionyesha barabara. Barabara ni kubwa, niliona. Hapa sioni. Ile mambo ya mahari tutazungumza siku ingine."

Katika ukoo ule 'siku ingine' ni siku isiyojulikana hata na mapadri. Jérôme alibaki ameshika bisibisi. Alifungua kinywa, lakini maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kifaransa na ya kiufundi.

"Papa," Divine alimwambia mzee, "nisamehe. Ngombe munaionaka wakati imelala?"

Mzee alisimama akiwa tayari mlangoni. "Hapana. Ngombe inaonwa imesimama."

"Basi ukae kidogo. Jérôme, funika hiyo tumbo yake, uiamushe."

Jérôme aliiamsha. Shamba lilitokea. Jua lilikuwa linapanda upande wa kushoto, ukungu ukiinuka kwenye nyasi, na kundi zima likatoka zizini moja kwa moja kuja mbele ya kioo, kama lilivyofundishwa.

Mzee Tharcisse alirudi akakaa. Aliinama karibu na kioo. Kisha akasema:

"Pembe iko wapi?"

"Kule bazungu banazikata, baba mukubwa."

"Washenzi." Alisogeza kiti. "Ile ya nyuma inachechemea?"

"Hapana, njo kutembea yake."

"Inachechemea. Na hapa hamuna mwizi?"

"Mwizi hakuna."

"Ata usiku?"

"Ata usiku."

Mzee alifikiri habari hiyo. Alionekana kuipenda, lakini hakutaka kuiamini upesi. Ametoka mbali na amesikia matangazo mengi.

"Ile ya mabaka inaitwa nani?"

"Haina jina. Iko na numéro mu sikio."

Hapo mzee aligeuka na kiti chake. Kati ya yote aliyoyaona siku hiyo, hili ndilo lililomkasirisha.

"Numéro! Ngombe ni mufungwa? Ngombe bila jina haina mwenyewe, mutoto. Ata mwizi anajua hivyo. Mashini yako inajua kuandika ao haijue?"

Ilijua. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya mchana. Jérôme aliweka vidole tayari, na mzee akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa fimbo: huyu Gaju, yule Bihogo, huyu Mama ya Kanisa, yule Asiyengojea, yule pale anayesukuma wenzake ni Komanda. Hakufikiri. Aliyasema kama mtu anayesoma majina ya darasa. Mpaka jina la sita Jérôme aliandika tu. Kwenye la saba vidole vilisita, kwa maana alimkumbuka ng'ombe mwenyewe. Alikuwa amemchunga. Hao walikuwa ng'ombe wa zizi la zamani, waliochukuliwa mwaka ule wa vita ukoo ulipokimbilia mjini na masufuria kichwani. Hakuna aliyewahi kuwataja tangu wakati huo. Sasa walikuwa wamesimama kwenye nyasi za nchi ya baridi, bila pembe, wanapiga mikia.

Walipoisha, mzee alikunywa maji yake yote.

"Nimeona," alisema.

Jérôme alishusha pumzi mapema mno.

"Nimeona," mzee aliendelea, "mutamba mumoja amezaa zizi. Mimi sikuwa najua. Mutoto yangu ni tajiri! Sasa mutu mwenye ngombe hizi zote, anakuja kuniomba ngombe za mahari juu ya nini? Apeleke hizi."

Alisema hivyo bila kucheka hata kidogo, na mpaka leo Jérôme anaapa kwamba hakuwa anatania. Scholastique anasema alikuwa anatania. Ukoo umegawanyika.

"Baba mukubwa, hizi haziwezi kutoka mu kioo."

"Ziliingia namna gani?"

Divine alikusanya sahani yenye vyuma, akapangusa meza, kisha akasema kwa sauti ya dukani, ile ya kumalizia bei:

"Papa, hizi si za Jérôme."

"Za nani?"

"Weye umesema ngombe bila jina haina mwenyewe. Jérôme alizikalisha na numéro. Majina ni weye umezipatia, siye wote tumesikia. Basi ngombe ni zako. Jérôme ni maskini vilevile alikuwa jana."

Mteja aliyekuja kupiga fotokopi alisimama mlangoni na cheti chake, akaona si wakati wake.

Mzee Tharcisse alimtazama Divine, akamtazama Jérôme, halafu akawatazama ng'ombe.

"Huyu binti," alimwambia Jérôme, "umuoe mbio. Akibakia kwa duka ya baba yake, batamaliza ngombe ya Ituri muzima."

Kwa hiyo ng'ombe wa mahari walitoka. Waliletwa, pamoja na mbuzi wachache wa mahari, kwa miguu kutoka Marabo na wachungaji wawili, wakafika wamekonda kidogo na wamekamilika, jambo ambalo katika miaka ile lilistahili sala ya shukrani na liliipata. Siku ya kukabidhi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mzee Tharcisse aliwataja mmoja mmoja kwa majina, kisha akaongeza kwa unyenyekevu kwamba asionekane mchoyo: ana kundi jingine, lakini hilo haligusiki, liko Rwambuzi, Jérôme ndiye mchungaji wake.

Baba yake Divine, mfanyabiashara aliyehama kutoka Beni na aliyejua mji huu kiwanja kwa kiwanja, alishangaa.

"Rwambuzi? Kule hakuna ata nafasi ya kufunga mbuzi. Zinakula nini?"

"Courant," alisema mzee Tharcisse.

Baba yake Divine alitafakari bei ya umeme katika mji wa Bunia, akamtazama mkwe wake mpya kwa huruma, na akaagiza mbuzi mmoja arudishwe kwa vijana hao wawili, awasaidie kuanza maisha.