Gari la Sista Lilivyofunguliwa

Mafundi wa kiume pale gereji walimwita Mama Waya, naye hakuchukia. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa kwa mjomba wake, fundi umeme wa magari, akae wiki mbili tu kumshikia tochi, maana macho ya mjomba yalikuwa yameanza kumkimbia. Wiki mbili zikawa miaka sita. Macho yalipokwisha kabisa, mpwa ndiye aliyefanya kazi zote, mjomba kazi yake ikawa kukaa juu ya tairi bovu, kusikiliza injini na kufoka.

"Hiyo stata inakohoa, wewe mtoto! Masikio umeyaacha nyumbani?"

Katika yote aliyomfundisha, moja alilirudia mpaka likachosha: gari lililofungwa halifunguliwi bila mwenyewe kuwepo. Mama Waya, alipojitegemea, akaongeza lake. Alinunua daftari, akalitoboa pembeni, akalining'iniza juu ya meza yake ya kazi. Ukimwita akufungulie gari, kwanza unaandika jina lako na namba ya gari, unasaini, ndipo anapogusa mkoba wa vifaa. Bwana mkubwa mmoja, tai shingoni na ufunguo umebaki ndani ya gari, aliwahi kumpandishia sauti.

"Wewe mama, unajua mimi ni nani?"

"Ndicho ninachotaka uandike hapo, baba."

Bwana mkubwa akaandika. Habari kama hizo zilitembea, na watu wakamtafuta kutoka mbali, hata polisi waliwaelekeza watu kwake. Hakuwa na nyumba wala shamba. Alichokuwa nacho ni hicho: Mama Waya hafungui gari la mtu bila mwenyewe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mabati, na ng'ambo ya bati moja alikuwepo shoga yake, fundi cherehani, aliyeitwa Mama Pindo kwa sababu pindo zake hazikufumuka. Miaka kumi na tisa walikuwa wakiongea kupitia bati hilo bila kuonana nyuso. Mume wa Mama Waya alipoondoka na godoro, redio na mwanamke mwingine, Mama Pindo alihamia kwake siku kumi na nne, akawa anampikia na kumsimamia aoge. Shule zilipofunguliwa mwaka huo, watoto watatu wa Mama Waya walivaa sare mpya zilizoshonwa kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, na ungeangalia mshono mpaka uchoke, usingejua.

Basi mtu kama huyo akikuita, huulizi mara mbili.

Alimwita Jumanne, mnamo saa tano asubuhi. Siku hiyo hakupitia kwenye bati. Alizunguka mpaka mlangoni, amejifunga mtandio, mkononi ana rimoti ya gari.

"Shoga, una shughuli?"

"Shughuli haziishi. Sema."

"Gari la Sista limekufa betri. Kanipigia jana, anataka niliwashe lisije likamwozea. Nimebonyeza hii rimoti mpaka kidole kimeota sugu, wapi!"

Sista alikuwa nesi mstaafu, mwenye nyumba wake Mama Pindo, ambaye alipanga chumba cha uani. Huyo Sista ndiye aliyemzalisha Mama Waya mtoto wake wa mwisho, aliyetanguliza miguu, na siku ile alimtukana mpaka akasukuma. Sasa alikuwa kwa binti yake, mbali, kulea wajukuu pacha. Mwezi wa nne tangu aondoke ulikuwa unakwisha, na nyumba alikuwa amemwachia Mama Pindo aitazame.

Mama Waya alichukua mkoba na betri yake ya kuazimia umeme, wakaenda.

Gari lilikuwa chini ya kibanda, vumbi limelikaa kama unga. Mama Waya alibonyeza rimoti, kimya. Hilo halikumshangaza, gari lisilo na umeme halisikii rimoti hata ukilipigia magoti. Lakini rimoti za namna ile huwa na kifunguo kidogo cha chuma tumboni, kwa ajili ya siku kama hizo. Unabana kipini pembeni, kinatoka, unafungua mlango kama wa kabati.

Akabana kipini. Tumbo la rimoti lilikuwa tupu.

"Kifunguo chake kiko wapi?"

"Kipi tena?"

"Cha chuma. Kinakaa humu."

"Mie najuaje? Kitakuwa kimedondoka. Sista naye uzee umemwingia, anatafuta miwani na ameivaa."

Mama Waya aliigeuza rimoti. Kifunguo kile hakidondoki. Alikuwa ameshika rimoti za namna ile mamia, na hata zilizokanyagwa na lori zilibaki nacho. Hutoka pale tu mtu anapokitoa. Na mtu anayekitoa na kuondoka nacho ana maana yake.

"Ngoja nimpigie Sista," alisema, akatia mkono mfukoni.

"Mpigie! Ila saa hizi ndiyo amepata lepe la usingizi, pacha wamemkeshesha. Ukimwamsha akikutukana, usinitaje." Mama Pindo akacheka, akamgonga bega. "Au wataka nisaini lile daftari lako? Nikuletee na cheti cha kuzaliwa? Na barua ya ubatizo?"

Mama Waya aliona haya. Uso ulimwaka moto kabisa, kama aliyemshika mgeni mkono wakati wa kula. Akaiacha simu mfukoni.

Alichomeka mfuko wa hewa kwenye ukingo wa mlango, akaujaza kwa mkono polepole mpaka pakapatikana upenyo wa kupita kidole. Akapitisha fimbo ndefu ya chuma iliyovikwa mpira, akaitembeza mpaka kwenye kitasa cha ndani, akavuta mara mbili. Mlango ukafunguka. Dakika nne. Gari lenye umeme lingepiga kelele mtaa mzima utoke nje, hili lilinyamaza kama maiti.

Akavuta kamba ya boneti, akaunga nyaya zake: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha injini. Hapo umeme uliporudi, gari likashtuka na kuanza kulia kwa nguvu zote. Mama Pindo aliruka. Kabla hajaziba masikio aliangalia geti.

Mama Waya aliliona hilo. Akabonyeza rimoti, kelele zikakatika, wakacheka wote wawili. Mama Waya akabonyeza kitufe cha kuwashia, na injini ilipowaka aliunguruma nayo kwa furaha, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Liache liwake nusu saa," alisema.

"Kaka yangu atalizungusha kidogo, lijichaji vizuri," alisema Mama Pindo.

Kaka mtu alikuwa tayari getini, shati limepigwa pasi. Mama Waya alimsalimia, akabeba betri yake, akarudi kazini. Jioni hiyo kupitia kwenye bati walizungumza habari za bei ya uzi.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja cherehani ya ng'ambo ya pili haikusikika. Simu ya Mama Waya ikaita.

"Sista karudi," alisema Mama Pindo, bila salamu. "Karudi bila kuaga. Akija kwako, hujui kitu."

"Sijui kitu gani?"

"Habari za gari."

"Kwani gari liko wapi?"

"Kaka kalipeleka mahali. Usinichimbe. Mimi nikisema sijui, na wewe ukisema hujui, nani atajua? Hakuna aliyekuona. Hata daftari lako halina kitu."

Kumbe cheti cha kuzaliwa hakikuwa utani. Yule mwanamke alimjua Mama Waya mpaka kwenye uti: alijua kwamba akimchekea kidogo ataona haya, akiona haya hatamsainisha, asipomsainisha hakuna ushahidi. Alimpima kama anavyopima kitambaa, akamkata pale pale alipotaka. Akakumbuka siku zile kumi na nne, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama siku zile nazo zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililomuuma kuliko gari.

"Shoga, upo?" aliuliza Mama Pindo.

Mama Waya akakata simu.

Saa nne Sista aliingia gerejini, na mkoba wake mweusi begani. Mafundi walimwamkia, wengi wao aliwapokea yeye duniani. Pale mezani kwa Mama Waya alikuwepo pia mzee mmoja mwenye basi la wanafunzi, mteja wa miaka tisa, anasubiri taa zake. Sista hakukaa. Alitoa kwenye mkoba kifunguo kidogo cha chuma, akakilaza mezani.

"Binti yangu, nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu nikiuliza wengine watanidanganya. Gari langu halipo. Rimoti niliificha chini ya mashuka, chumba nikakifunga, lakini kifunguo hiki nilikichomoa makusudi nikaondoka nacho. Nilijua betri itakufa. Nikasema, betri ikifa na hiki ninacho, gari litanisubiri. Sasa niambie kifundi: linaweza kufunguliwa bila hiki?"

Mafundi walikuwa wamesogea. Jibu zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Mama Waya, na wala halikuwa la uongo: linaweza, Sista, wezi wa siku hizi wana vifaa. Angeishia hapo. Sista angemshukuru, mzee wa basi angetikisa kichwa, mafundi wangelaani wezi, na jina lake lingebaki safi.

"Linafunguka," alisema. "Nililifungua mimi."

Spana iliyokuwa ikigonga mahali ikaacha kugonga.

"Wewe?"

"Mimi. Mama Pindo aliniambia umemtuma. Nikakuta kifunguo hakimo kwenye rimoti."

"Ukakuta hakimo." Sista alikigeuza kifunguo pale mezani. "Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Siku ile ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Sista."

Sista alichukua kifunguo chake, akakirudisha kwenye mkoba. "Basi twende polisi, fundi," alisema. Lile neno "binti yangu" lilikuwa limeishia mezani.

Kituoni Mama Pindo aliitwa, akaja amevaa gauni la kutokea, uso mkavu kama aliyeitwa kupima nguo. Askari wa kaunta alimsomea aliyoyasema mwenzake.

"Afande, mimi mshona nguo," alijibu. "Mlango wa gari nitaufungua kwa sindano?"

Askari akaficha tabasamu.

"Huyu hapa," akaendelea, akimwonyesha Mama Waya kwa kidevu, "mtaa mzima unajua hafungui gari la mtu bila saini. Hata nyie mnamsifu. Kama nilimwita mimi, aonyeshe saini yangu."

"Saini yako haimo," alisema Mama Waya, "kwa sababu nilikuona ndugu."

"Ndugu? Tumelala tumbo gani mimi na wewe?"

Alilisema bila hasira, ndiyo maana likaingia ndani hivyo. Mama Waya alimtazama pindo la gauni. Lilikuwa limenyooka, kama kawaida. Alitoa maelezo yake kuanzia rimoti mpaka kaka mtu getini, askari akaandika, yeye akaweka sahihi yake chini, kwamba mlango aliufungua kwa mikono yake. Kaka mtu alikuwa ameshazima simu na kuhama. Wote wawili waliambiwa warudi makwao, wasisafiri, wataitwa.

Kesho yake alifungua chumba chake kama siku zote. Mafundi walimwamkia kwa adabu ambayo hawakuwahi kuwa nayo, hakuna aliyemtania, na hilo lilikuwa baya kuliko kutaniwa. Mzee wa basi alikuja kuchukua basi, taa zilikuwa tayari.

"Funguo za akiba nilizokuachia," alisema, akiangalia taa, "nitazichukua tu."

"Chukua, mzee."

"Si kwamba sikuamini, Mama Waya."

"Sijakuuliza, mzee wangu. Zile pale."

Akazichukua. Wawili wengine walikuja siku hiyo hiyo kwa shughuli hiyo hiyo, mmoja hata kisingizio hakujisumbua kutafuta.

Mchana Sista akarudi. Safari hii alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kesi sitaiondoa," alisema.

"Usiiondoe."

"Na wewe umo."

"Nimo, Sista."

"Polisi wamesikia kuna uwanja mmoja, kule wanakouza vyuma vya magari. Wanataka mtu anayeweza kulitambua gari hata kama limeshakatwa vipande. Mimi najua rangi tu."

"Nitalitambua. Ule mfumo wote wa nyaya niliufunga mimi, kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Mama Waya alinawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akajifunga kanga safi, akatoka. Jua lilikuwa kali na njia ni ya mwinuko. Sista alikuwa akihema, na ule mkoba mweusi ulikuwa unamvuta bega. Mama Waya alinyoosha mkono ampokee, kama ambavyo angefanya kwa mtu mzima yeyote, kama alivyokuwa amempokea mara nyingi.

Sista aliuhamishia bega la pili, la upande wa mbali, akaendelea kupanda.