Kamusi ya Mikono

Tulikuwa watatu, na kila Jumamosi tulikutana Ndosho, mtaa wa Goma, katika chumba kilicho juu ya duka la mabati, kutengeneza tovuti bila malipo. Mmoja alikuwa mwanamke wa kutoka Bukavu aliyefundisha hesabu katika shule ya sekondari. Mwingine alikuwa fundi wa telefone. Mimi nilikuwa karani. Kazi za wiki zilitulisha. Ya Jumamosi tuliifanya kwa kuipenda. Msimbo, yaani maagizo tunayoandika ili tovuti iende, tuliuacha wazi mtandaoni, anayetaka auchukue na kuugeuza atakavyo. Tulikuwa tumeshatengenezea tovuti zahanati moja na chama cha wafuga nyuki. Hawakutushukuru sana, na hilo halikutusumbua.

Kisha shule ndogo ya watoto viziwi ikatuita. Mkurugenzi alitaka picha za watoto, wafadhili wa mbali wazione. Mwalimu mmoja, mwanamke kiziwi wa umri wa mama yangu, alikaa kando akitazama midomo yetu. Mkurugenzi alipomaliza, yule mwalimu akapiga meza ili tumgeukie, akaanza kusema kwa mikono. Mkurugenzi alimtafsiri bila furaha.

“Madamu anasema picha haitasaidia kitu. Anasema batoto hapa banaongea siku yote, kisha banarudi nyumbani kwa batu benye hawajui hata kuwauliza kama banasikia njaa. Anataka bazazi bajifunze.”

Tulitazamana. Mwenzetu wa hesabu akasema, “Basi tufanye kamusi.”

Ndivyo ilivyoanza. Kila neno lilikuwa video fupi: mwalimu amesimama mbele ya kitenge cha bluu tulichokitundika ukutani, anaonyesha ishara, anarudia polepole. Chini yake tuliandika neno kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Akikosea kidole kimoja alitaka turudie yote, na fundi wa telefone akipiga miayo alimwona. Tulianza na chakula, maji, ndugu, magonjwa. Mama mmoja wa Ndosho alituambia kwamba binti yake alimwonyesha ishara ya kichwa kuuma, naye kwa mara ya kwanza akajua binti huyo huumwa kichwa. Alilisema huku akichagua nyanya, kama habari ya kawaida.

Mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ulipolipuka, mwalimu alikuwa akikaa upande wa Buhene, karibu na mlima. Mimi niliona mbingu nyekundu nikiwa na familia yangu, tukatoka na mikeka na sufuria kama wengine wote. Yeye alinisimulia baadaye, na wakati huo nilikuwa nimejifunza vya kutosha kufuata mikono yake. Alikuwa akikunja nguo, akaona ukuta umegeuka mwekundu. Alipotoka, kwa jirani mlango ulikuwa wazi na chungu kilikuwa bado jikoni, lakini watu hawakuwapo. Nilimuuliza kama hakuna aliyekuja kumwita.

“Labda walipiga mlango,” akajibu kwa mikono, na uso wake haukubadilika.

Alikwenda kwanza nyumbani kwa mwanafunzi wake aliyekaa karibu. Alikuta wazazi wanamvuta mtoto mikono, naye anapigana nao na kuwauma. Hakuwa amefanya kosa, hakuelewa kwa nini wamemvamia. Mwalimu alipiga magoti mbele yake akamwambia: moto, unakuja, tunakwenda, sote pamoja. Mtoto akaachia, akatembea. Nyumba ya mwalimu ilifunikwa na mawe ya moto. Ya wale wazazi pia.

Tuliporudi kazini alikuja na maneno mapya. Moto. Gesi. Toka. Ningoje hapa. Mama anakuja. La mwisho lilikuwa risasi. Fundi wa telefone alimuuliza linahusiana nini na volkano. Mwalimu alisema halihusiani, ila litahitajika.

Lilihitajika. Vita vilipopanda upande wa Rutshuru, watu walishuka mpaka Kanyaruchinya, wakajenga vibanda vya maturubai juu ya mawe meusi. Mtandao kule ulikuwa dhaifu, kwa hiyo tulizibeba video kwenye kadi ndogo za telefone na kuwanakilia watu mmoja mmoja. Huko tulimkuta mkulima wa Kiwanja, mji wa huko Rutshuru, na mtoto wake wa kiume.

“Huyu wangu ni bubu,” akatuambia. “Haiko na lugha.”

Mwalimu alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mtoto. Alimwonyesha maji, kisha akamwonyesha kikombe. Mtoto alitazama mikono yake muda mrefu, kisha akaiga. Baba yake alichukua telefone, akajaribu naye. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, na ishara yake ya maji ilifanana zaidi na ya kukohoa. Mwalimu akamrekebisha kama alivyotufanyia sisi.

Baadaye waasi waliingia mjini. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao ukakatika. Duka la mabati liliporwa pamoja na chumba chetu cha juu. Mwenzetu wa hesabu alivuka mpaka na hajarudi. Tovuti yenyewe haikupata shida, kwa kuwa mashine inayoihifadhi iko nchi nyingine. Ilikuwa hewani siku zote hizo, ila sisi wa Goma ndio hatukuweza kuiona.

Mtandao uliporudi nilikuta ujumbe. Watu wa kujitolea kama sisi, wa bara lingine, walikuwa wamechukua msimbo wetu na kuweka ndani yake ishara za viziwi wa kwao. Nilimpelekea mwalimu telefone. Alitazama video nyingi, akijaribu ishara moja moja juu ya mapaja yake.

“Wanakwenda haraka mno,” akasema. “Mzazi atapotea.”

Nikawaandikia hivyo. Walijibu kwamba watazirudia.

Kambi ilibomolewa, na mkulima akarudi Kiwanja na familia yake. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake zilisikika pikipiki za sokoni.

“Umwambie madamu, mutoto sasa anajua kukataa. Jana namwambia twende kupalilia maharagi, ananijibu na mikono, mbele ya majirani: hapana, nimechoka, nenda weye. Majirani bakacheka mpaka bakakaa chini. Ile majibu, ni madamu ndiye alimufundisha?”

Nilimtafsiria mwalimu yote, pamoja na majirani kukaa chini. Alicheka kwa mabega, kisha akaniuliza mtoto alitumia ishara gani ya kuchoka, ya mkono mmoja au ya miwili. Nilimwambia sauti haionyeshi hilo.

“Muulize,” akasema.