Mstari wa Mke

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi niliushiriki miaka yote ya ukewenza na sikukonda hata kidogo. Nilinenepa, mume wangu akawa ananitania kwamba uwele wa shamba langu una siri. Siri ilikuwa moja tu. Mke mwenzangu alikuwa na watoto wanne na mimi sina hata mmoja. Wapita njia walimwita yeye kwa jina la binti yake wa kwanza, mimi wakaniita binti wa baba yangu, kama mtu ambaye hajatoka kwao. Nikilisikia hilo asubuhi, nilimaliza uji wangu kwa hasira nikajiongezea bakuli la pili.

Tulikaa Ihanja, kando ya barabara kuu, wakati wa Mwingereza. Mume wetu alikuwa mganga msaidizi katika dispensari ya serikali, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi nyeupe hadi magotini. Mimi alinioa kwanza. Nilikuwa nimesoma madarasa matatu kabla baba hajanitoa shuleni, na alipenda kusema kwamba alinichagua kwa sababu niliweza kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Miaka saba ikapita bila mtoto, akaoa msichana wa upande wa Mgori asiyejua herufi moja. Siku alipofika aliniamkia kwa magoti yote mawili, akaniita dada. Nilimchukia pale pale.

Kilichonituliza kilikuwa kodi.

Siku zile kodi ilihesabiwa kwa nyumba. Mwanamume alilipa yake, na kama ana mke wa pili mwenye nyumba yake, aliongezewa. Jumbe alipita na karani wa baraza wakitazama majiko, kwa maana kwetu kila mke ana jiko lake na kihenge chake, na palipo na mafiga matatu na majivu ya jana pana mke. Watu wakajifunza. Ikisikika kwamba jumbe yuko kijiji cha pili, mafiga ya mke mdogo yanang'olewa, majivu yanazolewa, na mwenyewe anageuka dada wa mwenye nyumba, mjane aliyerudi kwao. Mjane wa namna hiyo alisamehewa. Jumbe mwenyewe alikuwa na wake watatu, na wawili kati yao walikuwa wajane kila mwaka.

Kung'oa mafiga ya mke mwenzangu ilikuwa kazi yangu, sikumwachia mtu. Niliyabeba moja moja hadi nyuma ya nyumba, nikafagia mahali pake mpaka pakang'aa, kisha nikajitanda kanga yangu nzuri nikakaa mbele ya moto wangu kuwasubiri wageni.

"Na yule pale?" jumbe angeuliza.

"Dada wa mume wangu. Amefiwa, maskini."

Karani aliandika nyumba moja, mke mmoja. Mke huyo mmoja nilikuwa mimi. Watoto wanne walicheza uani mbele ya macho yao na hakuna aliyeuliza lolote, na mimi siku hiyo nilipika kwa wimbo. Naomba nisionekane mwema kuliko nilivyokuwa: ningeweza kumrudishia mafiga yake mara tu wageni walipoondoka, lakini nilingoja hadi aje kuyaomba.

Halafu mume wangu akauza ng'ombe, akanunua mashine ya kusaga. Wanawake walikuja na mtama vichwani kutoka mbali, na dumu la mafuta halikukaa siku nyingi kabla ya kuisha. Mwaka wa pili ikaja bahasha kubwa ya serikali. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya Kiingereza ya kodi ya mapato, ambayo sisi tuliijua kuwa ni mambo ya Wazungu na Wahindi wenye maduka. Mume wangu aliibeba kila mahali. Nadhani aliogopa kidogo na alijivuna zaidi.

Akaanza kuuliza maswali. Alikuwa mtu wa kuuliza, kama waganga walivyo. Aliyaandika kwenye daftari, akamwendea mwalimu, akamwendea mwenye duka, mwishowe akapanda baiskeli hadi Singida mjini kwa karani mmoja wa boma. Akirudi alitusomea majibu wakati wa kula. Mafuta ya mashine yanatolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi? Yanatolewa, ukiwa na stakabadhi. Mkanda uliokatika? Nao pia. Baiskeli ya kwendea kazini? Hapana. Soksi? Hapana, ingawa ni serikali yenyewe inayozitaka. Ng'ombe wa mahari? Hapo karani alicheka hadi akashika meza.

"Mama yangu anahesabiwa, kwa kuwa namtunza," alisema. "Na dada mjane kama yupo. Watoto wanahesabiwa. Mke naye anapunguza kodi."

Sote tuliacha kula. Tangu lini mke akapunguza kodi?

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Ila nafasi ya mke ni mstari mmoja."

Mimi nikatabasamu, nikamega tonge. Mstari mmoja, mke mmoja. Huo nilikuwa nimeuzoea.

Aliijaza karatasi siku ya Jumapili kwenye meza yake ya mninga, akaiacha ikauke wino huku akienda kumtazama mgonjwa. Niliingia kufagia. Kiingereza sikukijua, lakini majina yetu niliyajua. Juu, kwenye mstari wake peke yake, palikuwa na jina la mke mwenzangu. Chini yake watoto wanne, wamepangwa kwa kuzaliwa. Nikageuza ukurasa. Kule nyuma niliona jina la mama mkwe wangu, na chini yake jina langu.

Nilimngoja nikiwa nimekalia kiti chake.

"Bwana, hapa nimeandikwa nani?"

Aliitazama karatasi kana kwamba aliyeiandika ni mtu mwingine. "Ndugu ninayemtunza."

"Ndugu yupi?"

"Dada," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Mjane."

"Nani amekufa?"

"Bibi, sikiliza. Watoto ni wanne. Lazima wamfuate mama yao kwenye karatasi. Nikikuandika wewe, wataniuliza hawa nimewaokota wapi, nao watafutwa. Hivi nilivyofanya, kila mtu anapata nafasi."

"Hilo la watoto kumfuata mama, karani wa boma ndiye aliyekwambia?"

"Linajulikana tu."

"Umepanda baiskeli hadi mjini kuuliza habari za soksi, la mke hukuuliza?"

Alichukua karatasi yake akaitia kwenye bahasha.

Kuanzia siku ile sikukanyaga kwenye mashine yake. Nilisaga uwele wangu kwa jiwe, nje, mahali ambapo wanawake wa foleni wangeniona. Zamu yangu ya kupika nilipika mlenda mtupu. Mke mwenzangu nilimwambia hongera, sasa yeye ndiye mke wa serikali. Aliniangalia bila kuelewa, nikamweleza yote, hata kule nyuma nilikowekwa.

"Dada," alisema, "mimi karatasi itanifanyia nini?"

Ningempiga. Mwenye watoto wanne anakuuliza karatasi itamfanyia nini! Mimi nilikuwa najua vizuri ingenifanyia nini. Ningekufa, pangebaki mahali pamoja duniani palipoandikwa kwamba niliwahi kuwa mke wa mtu.

Miezi ikapita, ikaja barua. Mkaguzi wa kodi atapita Ihanja akielekea Shelui, atatazama stakabadhi za mashine na kuwaona watu walioandikwa. Mume wangu alikunja barua mara nne. Asubuhi ya siku yenyewe alisimama mlangoni kwangu amevaa soksi mpya.

"Bibi, hilo jiko litolewe. Leo tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwita mke mwenzangu, nikamwonyesha mafiga yangu. "Njoo ung'oe. Mimi nilikung'olea miaka yote, tena kwa furaha."

Alisimama mikono ikining'inia. "Dada, mimi siwezi."

"Ng'oa!"

Hakung'oa. Mume wetu aliinama mwenyewe, akayatoa mafiga yangu matatu moja baada ya jingine, na jivu likamrukia soksi. Moto wangu, ambao haukuwahi kuzimwa kwa ajili ya jumbe yeyote, aliuzima kwa maji ya mtungi wangu.

Mkaguzi alikuwa kijana Mwafrika aliyetokea Dodoma, mwenye koti na adabu. "Shikamoo, mama," aliniambia, na sauti ilikuwa nzuri hata nikaitikia kwa moyo. Akatazama mashine, akatazama mkanda, akasoma stakabadhi za mafuta moja moja. Kisha akaketi uani akafungua faili.

"Na huyu mama ndiye dada yako mjane?"

"Ndiye," alisema mume wangu.

Nilikuwa nimejiapiza kusema. Maneno yote nilikuwa nayo tayari. Lakini nilimwona mume wangu akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, nikafikiri juu ya jela, na ulimi ukakataa. Nikasema moyoni, basi, na niwe dada.

Mke mwenzangu alikuwa anakuja na sahani ya karanga za kukaanga. Aliiweka mbele ya mgeni, na bila kuinua macho akasema, "Si dada yake. Huyu ni mke wake mkubwa. Mimi ni mdogo."

Najua nilipaswa kumshukuru. Sikuweza wakati ule, na wala sasa siwezi. Alinipa ule mstari kama mtu anayekuazima upawa, kwa kuwa anajua chungu ni chake. Niliona wivu kuliko siku zote, kwa sababu kile nilichokuwa nakililia yeye aliweza kukitoa na asipungukiwe.

Mkaguzi hakukasirika. Alimtazama mume wangu kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mtu mzima. "Mzee wangu, hii si kodi ya nyumba. Huku hakuna haja ya kuficha mke. Watoto ni wa baba, awe amewazaa huyu au yule, wote wanne wanahesabiwa. Mke anahesabiwa mmoja, yeyote kati ya hawa. Lakini dada ambaye si dada, hilo ni kosa. Safari hii nalifuta tu. Usirudie."

Akageuza ukurasa, akalipiga mstari jina langu chini ya jina la mama mkwe. Kisha akarudi mwanzo, kalamu mkononi.

"Sasa hapa kwenye mke. Nimwache huyu mdogo, au nimwandike huyu mkubwa? Kodi ni ile ile."

Mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima ya mgeni, na kijiji kizima kilikuwa kimya. Nilimtazama mume wangu. Sasa hakukuwa na watoto wa kufuata mama yao, wala nafuu ya kupotea, wala karani wa kuogopwa. Lilibaki swali lenyewe, na mtu wa kulijibu alikuwa yeye. Mke mwenzangu aliinamia sahani yake. Mume wetu aliinama pia, akaanza kupangusa jivu kwenye soksi, jivu la jiko langu, akipangusa taratibu kwa kidole gumba.

"Acha tu ilivyo," alisema.

Kijana alifunga faili. Alishukuru kwa karanga, akaniaga kwa shikamoo ya pili, akaondoka kuelekea Shelui kabla jua halijawa kali.

Jioni nilirudisha mafiga yangu mahali pake, peke yangu. Mke mwenzangu akaja na kaa la moto kwenye kigae, akapiga magoti yote mawili ili aniwashie jiko. Nililimwagia maji, nikaenda kuomba moto kwa jirani.