Nukta Nyekundu Kandokando ya Barabara

Ramani ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa natembea kutoka Biharamulo kwenda Ngara, nikikusanya jenasi moja ya wadudu wa mabawa magumu ambao kucha zao zina meno madogo kama kitana. Vitabu vya chuo viliwagawa katika spishi nne. Mimi nilishuku ni mbili tu. Kila nilipompata mmoja nilitia nukta nyekundu kwenye ramani. Adui alikuwa ameshavuka mpaka kule kaskazini, na niliambiwa niahirishe safari. Nikasema vita viko mbali.

Kwenye kijiji kimoja cha ujamaa, mgambo walikuwa wamelaza gogo barabarani. Kiongozi wao, mtu wa makamo mwenye gobore, alipekua begi langu, akaikunjua ramani juu ya gogo.

"Shikamoo, mzee."

Aliinamia ramani.

"Hizi nyekundu ni nini? Madaraja?"

"Wadudu, mzee."

"Wadudu!" Mwenzake mwenye rungu aliangua kicheko. "Sisi tunalima shamba la kijiji, mwenzetu kasomeshwa kuokota wadudu! Ndugu msomi, wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Basi wewe mpelelezi."

Kiongozi hakucheka. "Juzi tulimpeleka mmoja bomani. Hatujasikia habari zake tena." Akapitisha kidole juu ya nukta zangu, moja baada ya nyingine. "Mbona wadudu wako wote wanakaa barabarani? Wanasubiri basi?"

Mimi niliyewabishia wahadhiri, niliyehoji hata siasa ya vijiji, nilikuwa nimejaza kurasa kuhusu mtawanyiko wa wadudu hao bila kujiuliza swali hilo. Ningekuwa yeye, ningemkamata mtu kama mimi.

"Zinaonyesha nilikopita mimi," nilisema.

"Basi twende ambako hukupita."

Wakaniweka mbele. Gobore halikunigusa, lakini mgongo wote uliniwasha. Porini nilitandika kitambaa cheupe chini ya mti mkavu, nikapiga tawi kwa fimbo. Yakaanguka majani makavu na buibui. Nikapiga mti wa pili, wa tatu. Mwenye rungu aliacha utani. Nilipiga huku nikimwomba Mungu ambaye bwenini nilikuwa nikisema hayupo. Mti wa nne ukadondosha mmoja, mweusi, mwembamba, akakimbilia ukingo wa kitambaa. Nikamfunika kwa kiganja.

Kiongozi akaegemeza gobore mtini, akachukua kioo changu cha kukuzia, akainama muda mrefu.

"Ana kitana kweli," alisema, akampa mwenzake naye aone.

Kiongozi aliniachia mdudu. Ramani aliikunja, akaisukumiza ndani ya shati lake. "Hii inabaki. Watakaokukamata huko mbele hawatakuwa na subira hii."

Nilifika Ngara baada ya siku mbili. Njia nzima sikuinama kuokota chochote. Nilitembea katikati ya barabara, viganja wazi, ili kila anionaye aone sijashika kitu.