Tarumbeta Iliyotoka Mlangoni

Mtaani walimwita Kipyenga tangu utotoni, kwa ile sauti yake ya kuwasimamisha wapita njia. Mjomba wake, fundi viatu aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ya maharusi, alimkabidhi tarumbeta ili, kwa maneno yake, kelele ipate kazi. Kelele ikapata kazi kweli. Kipyenga alikua akitangulia magari ya maharusi, anapuliza huku anapiga hatua, na ngoma ya mjomba inamsukuma kwa nyuma.

Baadaye chuo kikuu kikampokea katika idara ya muziki. Mwaka wa kwanza bendi nzima ilichangishana ikamlipia. Wa pili haukuwa na wa kuulipia. Kilichobaki ni ufadhili wa idara, nafasi moja tu, na anayeitaka apige mbele ya jopo la walimu watatu. Akiikosa, arudi nyumbani kupaka soli gundi. Jambo hilo alilijua yeye na mjomba wake, na kwa mdomo wa mjomba, lilijulikana hadi kituo cha basi.

Siku ya siku mjomba alimsindikiza, amevaa koti la bendi lenye vifungo vinavyong'aa. Akaketi kwenye benchi la koridoni, amepakata sanduku tupu la tarumbeta. Kwa sababu ya joto, mlango uliachwa wazi.

Ndani, mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimwonyesha Kipyenga alama ya chaki sakafuni, akamwambia asimame hapo. Akasimama, na mambo yakaenda kombo. Pumzi ikawa fupi, noti zikamponyoka. Maskini, mwaka wa kwanza ulikuwa wa nadharia tu, na hakuwahi kupiga wimbo mzima akiwa amesimama mahali pamoja. Akafumba macho ajikusanye, na miguu, bila kumwomba ruhusa, ikaondoka.

Wimbo ukamrudia papo hapo. Akaizunguka meza ya jopo, na alipofumbua macho alikuwa koridoni.

Mjomba hakuuliza swali. Kwake yeye, tarumbeta ikipita unafuata. Akainuka, akaligeuza sanduku kuwa ngoma, akaingia nyuma ya mpwa wake. Wakaenda hadi kwenye ngazi, wakageuka, wakarudi. Mfagiaji akasogeza ndoo yake kando, kisha naye akaanza kutikisa kichwa. Wimbo ulipokwisha, walimu watatu walikuwa wamesimama mlangoni.

Kipyenga aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alijua kwamba amekwisha.

“Mwalimu, kosa ni langu,” mjomba akasema. “Mimi ndiye niliyemfundisha hivi. Msimnyime mtoto kwa ajili yangu.”

Mwenyekiti akamuuliza Kipyenga kwa nini ameiacha alama.

“Pale pumzi ilinikataa, mwalimu. Pumzi yangu iko miguuni.”

Mama yule akawatazama wenzake, nao wakaafiki kwa kichwa. Kipyenga alikuwa wa mwisho kusikilizwa. Hakukuwa na mwingine wa kusubiriwa kabla ya kuamua.

“Basi mwaka ujao utajifunza kupiga umesimama,” akasema. “Sisi tutakulipia.”

Mjomba akalia bila kujificha, akajifuta kwa mkono wa koti.

Jumamosi ya kwanza ya mwaka huo wa masomo, maharusi walitanguliwa na tarumbeta ya mtu mwingine. Mjomba alipiga ngoma yake nyuma kwa furaha, akikosea mara kwa mara, maana hatua alizozizoea zilikuwa chuoni, zinajifunza kutulia.