Wanapanga maziko ya mama yangu, naye yu hai

Admin, naomba ufiche jina langu, maana hapa Kasongo tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari. Baba alifariki, na mimi na mama tunaishi kwa mjomba, kaka yake mkubwa.

Mama ana kansa ya titi. Operesheni ilipangwa, corona ikaingia, hospitali ikaahirisha. Tumesubiri miezi minne na uvimbe unakua. Mkono wa upande ule hauinui tena hata ndoo. Wiki iliyopita daktari alituita. Hakuficha kitu: hatari ya corona ipo, ila wagonjwa wa operesheni wametengewa jengo lao, na mama atapimwa kwanza. "Mama, kwako hatari kubwa zaidi ni kusubiri tena," alisema.

Nilirudi nyumbani na furaha. Mjomba akakataa katakata. Sisi ni Waislamu, maiti wetu tunamwosha wenyewe, na yeye amesikia kwamba wanaofia hospitali siku hizi wanafungwa katika plastiki na kuzikwa na watu wasiowajua.

"Akifia kule, nani atamuosha?" aliuliza. "Heri abaki hapa, tumuoshe siye wenyewe."

"Mjomba, daktari alisema uvimbe bado unaweza kutoka wote."

"Nyamaza! Weye mutoto, masomo imekuvimbisha kichwa. Kesho utatuambia weye ndiye imamu!"

Mama zangu wadogo wawili wakacheka. Walicheka, jamani, na mama ameketi palepale mkekani! Kisha wakaanza kubishana nani kati yao atamwosha. Nimefundishwa kutopaza sauti mbele ya wakubwa, na sikupaza. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mama anataka nini.

Nilimwuliza mimi, jikoni. "Minataka kuishi, mwanangu," alisema. "Lakini kaka yangu ndiye alitulisha tangu baba yako afe. Nitamupita namna gani?"

Muuguzi ameniambia kwamba sahihi ya mama mwenyewe inatosha. Kitanda kinamngoja Alhamisi. Mjomba anaondoka Jumatano kwenda Salamabila kwa biashara yake. Nikimpeleka akapona, huenda mjomba atanisamehe. Akifa, watasema nimemuua mimi na nikawanyima hata kumwosha.

Ninyi mliopasuliwa kipindi hiki cha corona, au mliopeleka mama zenu, mlifanyaje? Tafadhali msiniandikie "vumilia, mdogo wetu". Nimshike mama mkono twende?