Harusi Ambapo Baba Alisimama

Kabla ya vita vya mpaka wetu na Kisii, hakukuwa na harusi upande wetu wa Sotik iliyokwisha bila baba yangu kuongea. Hakuwa mwalimu wala mhubiri. Alikuwa mkulima wa majani chai na ng'ombe wachache, lakini alipopewa nafasi ya kusema, hata akina mama waliokuwa jikoni walifuta mikono na kutoka nje kusikiliza.

Hakuwa akiongea peke yake. Jirani yetu wa chini, karibu na mto, alikuwa fundi mbao aliyetoka upande wa Kisii. Alinunua shamba pale kabla mimi sijazaliwa. Yeye na baba walialikwa pamoja, wakawa wanajibizana. Fundi alianza kwa kusalimia watu kwa Kikipsigis, "Chamgei!" na baba akamjibu kwa Kikisii, "Bwakire!" Hiyo ni salamu ya asubuhi, na baba hakujua nyingine, kwa hivyo aliitumia hata jua likiwa linatua. Watu walicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Fundi ndiye aliyemfundisha baba siri ya hotuba. Nilimsikia nikiwa mdogo, wamekaa kwetu wakinywa chai. "Jirani, usiongee na umati," alimwambia. "Umati hauna masikio. Chagua mtu mmoja, ongea na yeye. Wengine watasikia."

Vita vilipofika, nilikuwa shule ya bweni Kericho. Niliporudi likizo, chini karibu na mto kulikuwa na kuta nyeusi zisizo na paa. Mke wa fundi na watoto walikuwa wamekimbia. Fundi mwenyewe alirudi kuangalia ng'ombe, na baba ndiye aliyemkuta, amelala amekufa katikati ya majani chai yetu. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyesema. Watu tuliosali nao waliendelea kuja kanisani, wakaimba, wakatusalimia kwa mkono, na wewe ukabaki ukiangalia ule mkono.

Tangu siku hiyo baba hakuongea tena mbele ya watu. Walimwalika, akaenda, akala, akanyamaza. Nyumbani aliongea mambo ya maziwa na mbolea tu. Na ile sehemu ya shamba hakuichuma tena. Majani yakapanda juu, yakawa miti, giza chini yake hata mchana. Sisi watoto tulizunguka mbali tukienda mtoni, na hakuna aliyetuambia tuzunguke.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, nikaolewa. Kijana wangu alikuwa wa Bomet, mtu mpole. Harusi ilifanyiwa nyumbani kwetu baada ya kanisa, hema mbili, maziwa ya mursik kwenye vibuyu, na spika za kukodi zilizokuwa zikikwaruza. Baba wa bibi harusi lazima aongee, hiyo haina mjadala. Mama alikuwa na wasiwasi wiki nzima. Alimwambia baba, "Hata kama ni kusema asante tu, baba watoto. Sema asante, ukae."

Nilikuwa nimeketi meza ya mbele nilipomwona mwanamke akiingia, amejitanda leso, na kikapu cha wimbi kichwani. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa mke wa fundi. Siku hizo aliuza ndizi soko la Sotik, na baba ndiye aliyekwenda kumwalika, bila kumwambia mtu. Mama alimkimbilia akamkumbatia. Wengine waliangalia chini. Alikaa nyuma kabisa, na viti viwili vya kando yake vikabaki wazi, ingawa kulikuwa na watu wamesimama.

Mshereheshaji akamwita baba. Alichukua maiki, akasimama. Kisha nikaona baba anaangalia langoni, juu ya vichwa vya watu wote, kama anayemngoja mtu aliyechelewa. Watu wakaanza kugeuka. Na mimi niligeuka. Langoni hapakuwa na mtu.

"Bwakire," baba akasema.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa saa tisa mchana. Kutoka nyuma, sauti moja ya mwanamke ikajibu polepole, "Bwakire buya."

Baba aliendelea kuangalia langoni. "Nimeitwa kusema juu ya nyumba," alisema. "Watoto hawa wanaanza nyumba. Najua vile nyumba hujengwa, kwa sababu niliona ya jirani yangu ikijengwa hapo chini. Nilimshikia mbao, yeye akapiga misumari. Alijenga miaka mingi, chumba kimoja kimoja. Nikaiona ikiungua pia. Haikumaliza muda wa kuchemsha chai." Nikamsikia akivuta pumzi kwenye spika. "Kijana, unachukua binti yangu. Sikuombi ng'ombe zaidi. Ukipata jirani, linda nyumba yake kama yako. Nimemaliza."

Akakaa. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa meza ya pili, aliweka sahani yake chini ikiwa bado imejaa, akachukua kofia, akatoka. Wanaume wengine wawili wakamfuata. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Kwaya ilianza wimbo, lakini waliimba chini chini, kama watu walio kwenye nyumba ya matanga.

Kabla hatujaondoka, mke wa fundi alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, zaa," alisema tu. Halafu akamgeukia baba. "Jirani, nionyeshe mahali." Hakuwahi kupaona pale mumewe alipokutwa. Gari letu lilipokuwa likipanda kilima, niliwaona wakiteremka wawili, baba mbele akisukuma matawi, yeye nyuma, mpaka majani chai yakawafunika.

Mambo ya baadaye niliambiwa na mama. Baadhi ya watu waliacha kutusalimia, na baba hakujali. Siku chache baada ya harusi, mama alifungua lango asubuhi kwenda kukama, akakuta gunia limewekwa pale chini. Ndani yake kulikuwa na randa, msumeno, na nyundo, vimepakwa mafuta vizuri, havina kutu hata kidogo. Mtu alikuwa amevitunza miaka hiyo yote. Kwenye mpini wa randa kulikuwa na alama ya fundi, iliyochomwa kwa chuma cha moto.

Baba hakuuliza ni nani. Alilifunga gunia, akalibeba begani, akaenda nalo soko la Sotik kwa miguu.